Damu ya Smith

Karatasi ya majibu ilikuwa na mistari kumi na miwili. Kumi ilisema hasi. Miwili ilisema chanya, tena kwa wino mzito. Wa kwanza, ANA, daktari alikuwa ameshamweleza dadangu. Wa pili uliandikwa tu Anti-Sm, na daktari alikuwa na foleni ndefu nje ya mlango.

"Wewe si ulisoma hizi vitu?" dadangu akaniambia, akinisukumia karatasi juu ya meza. "Nisomee."

Nilisoma baiokemia miaka miwili kabla karo haijanishinda. Kwa familia yetu hiyo inatosha kunifanya daktari wa ukoo. Kila dawa inayoingia nyumbani hupitia kwangu kwanza, na mimi huisoma ile karatasi ya ndani kwa sauti nzito kama mtangazaji. Kwa hivyo nikaanza: Sm ni protini fulani zinazokaa ndani ya kiini cha seli, kazi yake ni kusaidia kukata na kuunga RNA, na mwili wako umeanza kutengeneza kingamwili dhidi yake, jambo ambalo karibu halionekani kwa mtu yeyote asiye na lupasi. Kwa hiyo ni lupasi. Si malaria, si taifodi, si yale mambo mengine yote aliyotibiwa kwa mwaka mzima na nusu akizunguka na viungo vinavyouma na uso uliowiva kama aliyepigwa na jua.

"Sawa. Na Sm ni kifupi cha nini?"

Hapo nikakwama. Nilikuwa nimedhani ni neno refu la kikemia lililofupishwa. Usiku huo niliingia kutafuta, bando likaisha, nikanunua lingine. Sm ni herufi mbili za kwanza za Smith. Smith ni mtu. Alikuwa mgonjwa wa lupasi mjini New York, naye pia alikuwa mwanamke, na damu yake ndiyo iliyofungua mlango ambao baadaye watu wazima wenye shahada nyingi waliuingia kwa msururu.

Kwanza lupasi yenyewe. Kingamwili ni kama soja wa geti. Kazi yake ni kumjua mgeni, kumshika, na kuwaita wenzake. Kwenye lupasi soja anaanza kuwapiga wapangaji. Tena hapigi kiholela, na hili ndilo jambo lililonishika: ana uchaguzi. Anachagua vitu vilivyo ndani kabisa ya kiini cha seli, DNA na protini zinazoshikana na DNA au RNA. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake. Huko Marekani, ambako hesabu hizi zimefanywa kwa muda mrefu, wanawake weusi huugua zaidi kuliko weupe, na hiyo kingamwili ya Sm pia huonekana zaidi kwao.

Mwaka wa 1966, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, Eng Tan na Henry Kunkel walichapisha makala kuhusu seramu za wagonjwa wa lupasi. Seramu ni yale maji ya manjano yanayobaki damu ikiganda na kuondolewa. Njia waliyotumia ni rahisi kiasi kwamba hata sisi tuliifanya darasani, na ndiyo moja kati ya majaribio machache niliyowahi kugusa kwa mikono yangu badala ya kuyachora ubaoni. Unamwaga jeli nyembamba kwenye sahani, unatoboa vishimo viwili. Kishimo kimoja unatia juisi ya viini vya seli, kingine seramu. Vyote viwili vinasambaa polepole ndani ya jeli, na kama seramu ina kingamwili inayojua kitu kilicho katika ile juisi, pale vinapokutana unatokea mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Ukiuona asubuhi unahisi kama umetumiwa ujumbe.

Seramu ya Smith ilitoa mstari ambao haukufanana na ile iliyojulikana. Haukuwa wa DNA. Kitu hicho hakikuwa na jina, na desturi ya wakati huo ilikuwa kukipa herufi za mgonjwa. Ndiyo maana leo kwenye karatasi ileile ya dadangu kuna mistari inayoitwa Ro, La na Jo-1. Yote ni vipande vya majina ya watu waliolazwa mahali fulani. Watu hao wako kwenye kila karatasi ya majibu ya namna hii duniani na hakuna anayewaona.

Basi, kwa miaka kumi na mitatu Sm ikawa alama tu. Daktari akiona mstari huo anajua ni lupasi. Protini yenyewe inafanya nini ndani ya seli za mtu mzima wa afya, hakuna aliyekuwa na jibu.

Kisha ikaja 1977. Hadi hapo watu wengi waliamini jeni ni kama sentensi moja iliyonyooka: DNA inanakiliwa kuwa RNA, RNA inasomwa, protini inajengwa. Kulikuwa na jambo moja lililowasumbua. RNA iliyo ndani ya kiini ni ndefu sana, na nyingi huharibiwa kabla ya kutoka nje. Kwa nini seli iandike barua ndefu hivyo halafu ichane sehemu kubwa? Makundi mawili, moja la Phillip Sharp kule MIT na jingine la Richard Roberts kule Cold Spring Harbor, yalikuwa yakichunguza adenovirusi, wale wanaoleta mafua. Walipoishikanisha RNA ya kirusi na DNA yake na kutazama kwa hadubini ya elektroni, waliona vitanzi. Sehemu za DNA zilikuwa zimetokeza pembeni kama kamba iliyolegea, kwa kuwa hazikuwa na mwenza kwenye RNA. Maana yake sehemu hizo zilikuwa zimekatwa, na ncha zilizobaki zikaungwa.

Mtu yeyote aliyewahi kurekodi filamu kutoka televisheni kwa kanda anajua kazi hiyo. Filamu inakujia na matangazo ya sabuni katikati. Unakata matangazo, unaunga filamu. Jeni zetu zimejaa matangazo. Tena wakati mwingine matangazo ni marefu kuliko filamu. Wataalamu wanayaita introni, na filamu yenyewe wanaiita eksoni. Ukikosea kukata kwa herufi moja tu, kila neno linalofuata linaharibika.

Sharp na Roberts walipata Nobeli mwaka wa 1993. Zile picha za hadubini upande wa Cold Spring Harbor zilifanywa na Louise Chow, na jina lake halikuwa kwenye tuzo. Nasema tu, kwa kuwa stori hii ina wanawake wengi na jukwaa lake halina.

Swali lililobaki lilikuwa wazi: nani anashika mkasi?

Joan Steitz alikuwa Yale. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchukuliwa na James Watson kama mwanafunzi wa uzamifu kule Harvard, enzi ambayo maprofesa wanawake wa sayansi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Maabara yake ilipendezwa na RNA ndogo zilizomo ndani ya kiini. Zilikuwa zimejulikana tangu miaka ya sitini, zikaitwa U1, U2 na kuendelea, U kwa sababu zina herufi ya U nyingi. Zilikuwa nyingi ajabu, hadi milioni katika seli moja, na hazikuwa na kazi inayojulikana. Seli haiwezi kufuga kitu milioni moja bure. Lakini utakishikaje ili ukiulize?

Mwanafunzi wake, Michael Lerner, aliyekuwa akisomea udaktari na uzamifu kwa pamoja, alijua kwamba wagonjwa wa lupasi hutengeneza kingamwili dhidi ya vitu vya ndani ya kiini vilivyochanganyika na RNA. Palepale Yale alikuwapo daktari wa baridi yabisi, John Hardin, mwenye wagonjwa wa aina hiyo. Lerner akapata seramu kutoka kwake. Hebu tulia hapa kidogo. Kingamwili ya kawaida ya maabara unaitengeneza kwa kumdunga mnyama protini unayoitaka, ukasubiri majuma. Lakini lazima kwanza uwe na hiyo protini ikiwa safi, na hawa hawakuwa nayo, hata hawakuijua. Mwili wa mgonjwa ulikuwa umeshaipata, umeshaitambua, umeshatengeneza chombo cha kuishika, kwa gharama ya figo na viungo vya mwenyewe.

Jaribio likaenda hivi. Walilisha seli za panya fosforasi yenye mnururisho, kwa hiyo kila RNA iliyotengenezwa ingeacha alama kwenye filamu ya eksirei. Wakazipasua seli, wakatia seramu ya mgonjwa. Kingamwili zikashika zinachokijua. Wakatumia bakteria waliouawa, ambao ngozi yao ina protini inayodaka kingamwili, kama ndoano. Wakazungusha kwa kasi, kilichonaswa kikazama chini. Wakaitoa RNA iliyokuwamo, wakaipitisha kwenye jeli ya umeme inayotenganisha fupi na ndefu, wakaweka filamu juu.

Filamu ilipooshwa, seramu ya Sm ilikuwa imevuta mistari michache safi: U1, U2, U4, U5, U6. Si vurugu ya RNA za seli nzima. Ni hizo tu, pamoja. Seramu nyingine ya wagonjwa, inayoitwa anti-RNP, ilivuta U1 peke yake. Kwa hiyo RNA hizo ndogo hazikuwa zikitembea uchi. Kila moja ilikuwa imevaa protini, na baadhi ya protini hizo zilikuwa sare ya kundi zima. Kingamwili ya Smith ilikuwa ikitambua sare. Makala ilitoka 1979. Vitu hivyo vikapewa jina la kifupi la snRNP, ambalo wenyewe wanalitamka snurps, na ukilisema mara tatu mbele ya mtoto lazima acheke.

Mwaka uliofuata, 1980, Lerner, Steitz na wenzao walitoa wazo lililobaki kuwa kitovu cha yote. Walitazama herufi za mwanzo za U1, wakatazama herufi zinazopatikana pale introni inapoanza, na wakaona zinaingiana kama meno ya zipu. U1 ndiyo inayoweka alama ya chaki mahali pa kukatia. Kama fundi wa nguo pale Kenyatta Market: kabla ya mkasi, chaki.

Lakini wazo ni wazo. Uthibitisho ulikuja 1983, na ni ushahidi ninaoupenda kwa ukatili wake. Safari hii maabara ya Steitz ilishirikiana na ya Sharp. Walikuwa na mchanganyiko ndani ya chupa unaoweza kukata na kuunga RNA nje ya seli hai. Wakatia seramu za wagonjwa zenye kingamwili dhidi ya snRNP. Kazi ikasimama. Damu iliyokuwa ikimuumiza mtu hospitalini ilizima mkasi ndani ya chupa, na kwa kuuzima ikathibitisha mkasi ni upi.

Nilimsimulia dadangu sehemu hii tukiwa kwenye matatu ya Rongai, muziki ukiwa juu, nikipiga kelele sikioni mwake. Akauliza swali moja.

"Kwa hivyo saa hii damu yangu inazima mkasi?"

Hapana, nikamwambia. Kingamwili nyingi huzunguka nje ya seli. Madhara makubwa yanatoka zinaposhikana na vipande vilivyomwagika kutoka seli zilizokufa, zikaganda kwenye vichujio vya figo. Mkasi wako unaendelea na kazi. Akatikisa kichwa, akatazama dirishani. Ndiyo maana wanampima mkojo kila akienda.

Tatizo la seramu ya mgonjwa ni kwamba inaisha. Mtu si kisima. Tena seramu ni mchanganyiko wa kingamwili za kila aina, na ya leo si ya mwaka ujao. Bahati nzuri mwaka wa 1975 kule Cambridge, Georges Köhler na César Milstein, mzaliwa wa Argentina, walikuwa wamebuni njia ya kuunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili moja na seli ya saratani isiyokufa. Mtoto wao anamwaga kingamwili hiyohiyo moja, milele. Hawakuchukua hataza, na Nobeli waliipata 1984. Yale wakatumia njia hiyo kwa aina ya panya wanaozaliwa na ugonjwa unaofanana na lupasi, wanaotengeneza anti-Sm wenyewe bila kudungwa chochote. Mwaka wa 1981 wakapata kingamwili iliyoitwa Y12. Bado inauzwa. Unaagiza, inakuja kwenye boksi la barafu, kichupa kidogo kuliko cha rangi ya kucha. Smith na wagonjwa wa Yale wakapumzika. Panya akachukua zamu.

Hapa ndipo ningeweza kumaliza kama ningekuwa naandika ya kupamba. Lakini kuna kingamwili nyingine, na nikiiacha nitakuwa nimewauzia nyinyi sayansi iliyopakwa mafuta.

Mwaka wa 1990, Xiang-Dong Fu na Tom Maniatis wa Harvard walichukua mitambo mizima ya kukatia RNA iliyosafishwa, wakawadunga panya, wakapata kingamwili ya protini waliyoiita SC35. Thelathini na tano ni uzito wake kwa kipimo cha kilodaltoni. Ukiipaka kwenye seli na kutazama kwa hadubini, kiini kinang'aa madoadoa kama chui. Picha za kuvutia sana. Madoa hayo ni maghala ya vifaa vya kukatia RNA, na kingamwili ya SC35 ikawa ndiyo njia ya kuyaonyesha. Kwa miaka thelathini maabara duniani ziliitumia, na waandishi wakaandika kwamba SC35, ambayo siku hizi inaitwa SRSF2, imejaa madoani.

Mwaka wa 2020 kundi la Tuğçe Aktaş kule Berlin, kazi ikiongozwa na İbrahim Avşar Ilik, lilijaribu kitu ambacho ukikisikia unajiuliza kwa nini hakikufanywa zamani. Walitazama kingamwili hiyo inashika nini hasa. Ikawa inashika SRRM2, protini kubwa sana, karibu kilodaltoni 300. Walipofupisha SRRM2 ndani ya seli, kile kilichoshikwa na kingamwili nacho kikafupika. Yaani kwa miaka thelathini watu walikuwa wakimpigia simu Wanjiku, Atieno anapokea, na wanaandika vizuri kabisa maneno ya Atieno chini ya jina la Wanjiku.

Madoa yalikuwa ya kweli. Maghala yapo. Mwenye nyumba tu ndiye aliyekosewa. Lakini hebu fikiria mtu aliyejenga uzamifu wake juu ya SRSF2, protini ambayo mabadiliko yake yanahusika na saratani za damu, akitumia kichupa hicho. Wala si kisa cha pekee. Mwaka wa 2023 ulitoka utafiti uliopima zaidi ya kingamwili 600 za madukani dhidi ya protini 65, na kwa kila protini, kwa wastani, kulikuwa na makala kumi na mbili hivi zilizotumia kingamwili isiyoitambua. Nilipokuwa chuoni tulikuwa wanafunzi arobaini kwa kichupa kimoja kilichokaribia kukauka, na mwalimu alitufundisha kuheshimu lebo. Hakuna aliyetufundisha kuishuku. Labda hilo lilikuwa mwaka wa tatu, ambao sikufika.

Nilimwambia dadangu na hili pia. Kosa langu. Macho yakamtoka.

"Kwa hivyo hata yangu inaweza kuwa ni ya Atieno?"

Nikamchorea nyuma ya risiti. Kwenye kipimo chake mambo yamegeuzwa. Maabara inaweka protini ya Sm inayojulikana kama chambo, na samaki anayevuliwa ni kingamwili iliyo katika damu yake. Chambo hicho kimechunguzwa kwa zaidi ya miaka hamsini na watu wasiopendana. Kuna makosa ya kipimo, ndiyo, na ndiyo sababu daktari hakutazama mstari mmoja tu, alitazama uso, viungo, mkojo na damu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akachukua risiti akaitia kwenye pochi.

Steitz alipewa tuzo ya Lasker mwaka wa 2018. Ujuzi wa mkasi nao umeshazaa dawa: mwaka wa 2016 Marekani iliidhinisha Spinraza, inayotokana na kazi ya Adrian Krainer, ambayo huielekeza seli kuunga vizuri RNA ya jeni moja kwa watoto ambao misuli yao inakufa. Bei ya mwaka wa kwanza ilitangazwa kuwa dola 750,000. Dadangu anameza haidroksiklorokwini, ambayo ilianza kama dawa ya malaria, na ambayo 2020 watu wasio na lupasi waliigombania madukani kwa ajili ya korona hadi wenye lupasi wakaikosa. Anameza kila jioni baada ya taarifa ya habari.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kliniki. Muuguzi alimtoa damu, vichupa vitatu, kisha akamletea fomu. Kuna utafiti, akasema. Kichupa kimoja kinaweza kuhifadhiwa kwenye friza kikatumika baadaye, dada akikubali, na akikataa matibabu yake hayabadiliki. Dadangu alisoma ukurasa wote, mambo ambayo mimi sifanyi hata kwa mkataba wa kazi.

"Jina langu litakuwapo?"

"Hapana, mama. Ni namba tu."

Akanitazama. Nikanyamaza, maana nilijua anawaza nini. Akaomba kalamu, akatia sahihi, akatazama muuguzi akibandika kibandiko kwenye kichupa: herufi mbili za hospitali, mkwaju, tarakimu nne. Dadangu akazisoma taratibu kama mtu anayekariri namba ya simu ya mtu anayempenda. Kisha tukashuka ngazi kutafuta chai, kwa kuwa alikuwa amekuja tumbo tupu.